Amelegea, lakini anasikia: kisa cha vekuroniamu kwa mama aliyekuwa kwenye magnesiamu

## Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika hospitali ya wilaya, Tanzania Bara. Mimi ndiye niliyempa mama huyu usingizi. Jina lake, mahali, mwaka na lolote linaloweza kumtambulisha nimeliondoa, na saa nimezisogeza bila kubadili nafasi iliyokuwepo kati ya tukio na tukio. Mama mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Sharti lake lilikuwa moja: yale aliyonieleza siku ya tatu yasiachwe.

Kwa wasomaji wasio wa fani, neno moja kwanza. Usingizi wa upasuaji mkubwa, ambao wazee waliuita nusukaputi, una kazi tatu: kumfanya mgonjwa asijue kinachoendelea, kumwondolea maumivu, na kulegeza misuli ili mpasuaji apate nafasi. Kila kazi ina dawa zake. Sindano ya kulegeza misuli, na vekuroniamu ni mojawapo, hufanya hiyo ya tatu peke yake. Hukatisha amri ya neva isifike kwenye msuli, kuanzia kope hadi kiwambo cha kupumulia, na ubongo haiugusi kabisa. Aliyechomwa dawa hii bila kupewa dawa ya usingizi atakuwa hasogezi hata ukope, na atakuwa macho.

## Hali aliyofika nayo

Mama mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, mimba ya kwanza, wiki ya 37. Jioni alipata degedege mara mbili nyumbani na kwenye kituo cha afya. Kilikuwa kifafa cha mimba, na kituo kilifanya kilichopaswa: kilimpa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, kisha kikampa rufaa. Hiyo ilikuwa saa 2:20 usiku.

Alitufikia saa 3:30. Presha 178 kwa 116, uso umevimba, ulimi umeng'atwa, anaitika kwa kuguna tu. Saa 3:45 degedege la tatu likamshika wodi ya wazazi. Wakunga wakaongeza magnesiamu gramu 2 kwenye mshipa, kama mwongozo unavyotaka, wakampa haidralazini ya kushusha presha, wakaweka mpira wa mkojo. Kadi ya magnesiamu ilijazwa vizuri: kiasi, saa, goti linaruka au haliruki, pumzi ngapi kwa dakika, mkojo kiasi gani. Kadi hiyo ilitundikwa ubavuni mwa kitanda chake cha wodini. Ilibaki hapo hapo wakati kitanda cha magurudumu kilipomleta thieta.

Niliitwa saa 4:00. Nilichoambiwa kuhusu dawa ni maneno mawili: "Amepewa magnesiamu." Sikuuliza ngapi, wala saa ngapi.

## Maamuzi kabla ya kumlaza

Swali la kwanza lilikuwa ganzi ya mgongo au usingizi kamili. Kwa mama mwenye presha ya mimba aliye na fahamu zake, ganzi ya mgongo ndiyo chaguo langu, na ingeniepusha na karibu kila kitu kinachofuata. Huyu hakuwa na fahamu zake. Hakuweza kukaa wala kujikunja, degedege lingeweza kurudi sindano ikiwa mgongoni, fizi zilikuwa zinavuja damu, na maabara haikuwa imetoa hesabu ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Niliamua usingizi kamili. Uamuzi huo nautetea mpaka leo.

La pili lilikuwa koo. Kwa uvimbe ule niliandaa mpira wa hewa, ule unaopitishwa kooni hadi kwenye bomba la pumzi, namba 6.5, na namba 6 pembeni, na nikamwomba daktari wa zamu asimame karibu.

La tatu ni presha wakati wa kuweka mpira. Kifaa cha kuangalizia koo kinapoingia, presha hupaa, na kwa mama wa kifafa cha mimba mpao huo unaweza kupasua mshipa wa ubongo. Kwa hiyo niliiacha ketamini, dawa ya kulaza inayopandisha presha, nikachukua thiopentoni, ya kulaza pia, nikatanguliza lignokeini kwenye mshipa ili kupunguza mpao huo.

Uzito niliukadiria kwa macho: kilo 65. Siku aliyoruhusiwa, maji yakiwa yametoka mwilini na mtoto yuko mkononi, mizani ilisoma kilo 53. Sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa mimba na uvimbe. Lakini vekuroniamu haiingii kwenye misuli ya mtoto, wala uvimbe hauna misuli.

## Mfuatano wa matukio

Saa 4:40 nilimlaza. Oksijeni dakika tatu, thiopentoni mg 250, suksamethoniamu (mlegezaji wa haraka na wa muda mfupi) mg 75, mpira ukaingia mara ya kwanza. Jambo moja niliona nikaliacha lipite. Suksamethoniamu kwa kawaida hutanguliwa na mtetemo wa misuli, mawimbi madogo yanayokimbia usoni na kifuani. Kwake hayakuonekana. Magnesiamu hufifisha mtetemo huo. Mwili wake ulikuwa umeshaniambia kwamba magnesiamu imejaa kwenye misuli.

Mtoto alitoka saa 4:46, akalia baada ya kusuguliwa mgongo. Oksitosini, ya kukaza mfuko wa uzazi, ikaingia polepole, nikampa mama dawa ya maumivu, na aizofluraini, hewa ya kumweka usingizini, nikaishusha ili mfuko wa uzazi usilegee ukavuja damu.

Saa 4:55 mpasuaji alisema tumbo limekaza na utumbo unasukuma nje. Suksamethoniamu ilikuwa imekwisha nguvu, na mama alikuwa anakaza mwenyewe. (Mkazo huo ulinisaidia baadaye, nitaueleza.) Nilikuwa na kichupa cha vekuroniamu cha mg 10, unga, nikakichanganya na ml 10 za maji. Nikampa mg 6.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo. Vekuroniamu kwa mtu mzima ambaye hajapewa mlegezaji mwingine ni mg 0.08 hadi 0.1 kwa kilo, na hudumu dakika 25 hadi 40. Baada ya suksamethoniamu hupunguzwa mpaka mg 0.04 hadi 0.06. Kwa aliyejaa magnesiamu hupunguzwa tena, na mara nyingi haihitajiki kabisa. Mimi nilipiga hesabu ya 0.1 kwa uzito niliokisia, nikatoka na 6 na nusu, nikaona 6 ni "kidogo". Ilikuwa dozi kamili ya mwanzo, apewe mtu ambaye nusu ya nguvu za misuli yake tayari ilikuwa mikononi mwa dawa nyingine. Mg 1 ingetosha kumaliza kufunga tumbo. Hata kumwomba mpasuaji asubiri dakika mbili, nikaongeza kina cha usingizi, kungetosha.

Upasuaji ulikwisha saa 5:25. Mlangoni kulikuwa na mama mwingine, uchungu pingamizi, mapigo ya mtoto yanashuka, na wakunga walikuwa wakichungulia kila dakika. Nilifunga aizofluraini. Baada ya muda nikaona mfuko wa hewa unacheza kidogo, kiwambo kimeamka. Saa 5:30 nikampa neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu za misuli, mg 2.5 pamoja na atropini mg 1.2 ya kulinda mapigo ya moyo. Alifungua macho nilipomwita. Nikamwambia abane mkono wangu, akabana, kwa udhaifu. Nikajiambia udhaifu ule ni wa degedege tatu. Saa 5:38 nikatoa mpira.

Alipelekwa kona ya kuzindukia, oksijeni puani, mashine ya kidole inasoma 97%. Saa 5:44 muuguzi mwanafunzi akaniita: "Daktari, njoo, mama anapumua vibaya."

Nilichokikuta nimekiona mara nyingi akilini tangu usiku ule. Kifua kinazama tumbo linapoinuka. Pumzi ni za haraka na fupi, kama thelathini na tano kwa dakika, hakuna hewa ya maana inayoingia. Kope zimeanguka nusu. Kichwa kinajaribu kuinuka kutoka kwenye mto, kinashindwa. Mikono inarukaruka bila kufika popote, mithili ya samaki aliyetupwa mchangani. Midomo inasogea, sauti haitoki. Jasho limemtota, moyo 138, presha 182 kwa 110, oksijeni 84%.

Nilichukua ambubegi, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, na barakoa, nikainua taya, nikapuliza. Oksijeni ikarudi 94%. Kuanzia hapo nilikuwa na muda wa kufikiri.

## Kufikiri huku mkono ukibonyeza

Waliokuwepo walitaja mambo manne: degedege limemchosha, dawa ya maumivu imezidi, damu imevuja kwenye ubongo, au ametapika ikaingia mapafuni. Yote yanawezekana kwa mama kama huyu, na nisingemlaumu yeyote aliyeanza na hayo.

Lakini tazama jinsi mtu anavyoshindwa kupumua. Aliyezidiwa na dawa ya maumivu ya jamii ya mofini hupumua taratibu, pumzi chache, mboni za macho zimekuwa ncha ya sindano, na hahangaiki. Huyu alikuwa anapumua haraka na anapigana. Aliyevuja damu kwenye ubongo mara nyingi hubadilika mboni, moja kubwa moja ndogo. Zake zilikuwa sawa na zinaitika kwa tochi. Mapafu yote mawili yalikuwa yanasikika safi nilipopuliza. Na macho yale, chini ya kope zilizoanguka, yalikuwa yananifuata. Mtu mwenye nia ya kupumua na asiye na nguvu ya kupumua ana tatizo la misuli.

Je, ni suksamethoniamu iliyogoma kuisha? Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja, nao hukaa wamelegea kwa saa kadhaa. Hapo ndipo ule mkazo wa tumbo wa saa 4:55 ulinisaidia: alikuwa amekaza robo saa baada ya suksamethoniamu, kwa hiyo ilikuwa imeshavunjwa. Iliyobaki ni vekuroniamu.

Nikampa neostigmini mg 2.5 nyingine na atropini. Jumla 5, na hapo ndipo mwisho wake. Dakika zikapita, hakuna badiliko.

Mkunga mmoja wa siku nyingi, aliyekuja kumfuata yule mama wa mlangoni, akasimama miguuni mwa kitanda, akapiga goti la mgonjwa kwa ubavu wa kiganja chake. Halikuruka. Akapiga la pili. Akaniangalia akasema, "Huyu magnesiamu imemjaa. Na mkojo wake mmeutazama?" Mfuko ulikuwa na ml 35 tangu saa 3:40. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo hazikuwa zinaitoa.

Tukampa kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani ml 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa, huku tukiwa tayari kwa degedege, maana kalsiamu inapoirudisha magnesiamu nyuma inaweza kuondoa kinga. Kope zikapanda kidogo. Pumzi zikaongezeka kina, si kwa kutosha. Saa 5:58 niliamua kurudisha mpira. Nilimpa propofoli, dawa ya kulaza, mg 50 na sikuongeza mlegezaji wowote. Koo lilikuwa limevimba zaidi ya mwanzo, namba 6.5 ikagoma, namba 6 ikapita.

Mwenzangu wa usingizi aliitwa kutoka nyumbani. Alifika, akampa yule mama wa mlangoni ganzi ya mgongo katika thieta ndogo, na mtoto akatoka hai. Naandika hili kwa sababu kila anaposimuliwa kisa hiki mtu huuliza.

Sisi tulibaki na ambubegi. Hospitali haikuwa na mashine ya kupumulia nje ya thieta, tukapokezana kwa mkono. Saa 6:20 muuguzi wa wodi akaingia na bomba la sindano: dozi ya magnesiamu ya kila baada ya saa nne ilikuwa imefika, gramu 5 kwenye tako. Alikuwa anafuata kadi, na kadi ilikuwa sahihi kwa saa. Kadi hiyo hiyo inasema usichome kama goti haliruki, kama pumzi hazifiki 16, kama mkojo haufiki ml 30 kwa saa. Yote matatu yalikuwa yamevunjwa, na kwa kuwa kadi haikuwa na mgonjwa, hakuna aliyeyajaza. Tulimzuia. Dozi ile ingeingia, sidhani kama ningekuwa naandika kisa chenye mwisho huu.

Saa 9:20 usiku aliinua kichwa akakishikilia kwa sekunde tano na zaidi, akang'ata kijiti cha kubania ulimi nisiweze kukivuta, akakohoa kwa nguvu kwenye mpira. Goti liliruka. Nikatoa mpira mara ya pili. Safari hii alibaki anapumua.

## Matokeo, na alichosema siku ya tatu

Hakupata degedege tena. Mkojo ulifunguka alfajiri, na magnesiamu ilirudishwa asubuhi kwa uangalifu baada ya goti na mkojo kuthibitishwa. Alikaa siku nane, akaondoka ananyonyesha.

Siku ya tatu nilipita wodini kumsalimia. Aliniuliza kwanza kama mimi ndiye niliyekuwa kichwani kwake usiku ule. Nikamjibu ndiye. Akasema, "Mimi nilikuwa nawasikia, daktari."

Upasuaji hakuukumbuka, na hilo nilishukuru. Alichokumbuka ni dakika zile za kona ya kuzindukia, kati ya mpira wa kwanza na wa pili. Alisema alihisi amefukiwa mchanga mpaka shingoni. Alitaka kusema "sipati hewa" na mdomo haukuwa wake. Alisikia mtu akisema kwa sauti ya chini, "Muiteni mumewe asogee," akaelewa maana yake, akaamini anakufa na mtoto amekufa. Kisha akasikia sauti ya mwanamke sikioni: "Mama, mtoto wako mzima, wa kiume, analia kule. Sisi tunakupumulia. Usipigane, tuachie sisi." Alisema tangu hapo aliacha kuogopa kidogo. Alitaka kumjua mwanamke huyo. Alikuwa ni yule mkunga aliyepiga goti.

Maneno mengine yale, ya kumwita mume, niliyasema mimi.

## Uchambuzi

Nianze na namna dawa hizi mbili zilivyokutana, kwa sababu wengi tunajua kwamba "magnesiamu inaongeza nguvu ya vekuroniamu" na tunaishia hapo. Neva inapotaka msuli usogee, ncha yake hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka upenyo mdogo na kukaa kwenye viti vyake juu ya msuli. Kalsiamu ndiyo inayofungua mlango kwenye ncha ya neva. Magnesiamu huziba njia ya kalsiamu, kwa hiyo asetilikolini inayotoka ni haba. Vekuroniamu nayo iko ng'ambo ya pili: imekalia viti vyenyewe. Mama huyu alikuwa na wajumbe wachache wanaotumwa, na viti vichache wanavyoweza kukalia.

Sasa itazame neostigmini. Haiondoi vekuroniamu. Inachofanya ni kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili irundikane na kuwasukuma wavamizi wa viti. Lakini kama neva yenyewe imezibwa isitoe asetilikolini, kitarundikana nini? Ndiyo maana dozi ya pili haikufua dafu, na ndiyo maana goti na kalsiamu vilipaswa kuja akilini kabla yake. Nilikuwa navuta kamba iliyokatika upande wa pili.

Kosa la neostigmini lilikuwa pia la wakati. Dawa hii hufanya kazi vizuri misuli ikiwa imeshaanza kurudi yenyewe. Ukiichoma msuli ukiwa umezama, haitoshi. Na hufikia kilele chake kati ya dakika ya 7 na ya 11. Mimi nilitoa mpira dakika ya nane, jicho moja likiwa mlangoni.

Sasa vipimo vyangu vya kitandani: alifungua macho, alibana mkono, kiwambo kilicheza. Vyote vilikuwa kweli, na vyote havikutosha. Kiwambo ni msuli mkaidi, huamka kabla ya misuli ya koo na ulimi, inayolinda njia ya hewa. Mgonjwa anaweza kusukuma hewa vizuri kwenye mpira, ukautoa, na koo likaanguka likaziba. Kipimo cha kuaminika ni kile kifaa kidogo cha betri kinachoigusa neva ya mkono kwa umeme, mipigo minne kwa sekunde mbili, ukatazama kidole gumba. Msuli uliolegezwa hucheza kwa nguvu inayofifia: pigo la nne hafifu kuliko la kwanza. Linatakiwa lifikie angalau sehemu 0.9 ya la kwanza kabla mpira hautolewi. Na hapo ipo tahadhari ambayo wengi hatuambiwi: ukitumia kidole chako kuhisi badala ya namba, mfifio unapotea mkononi ukivuka 0.4 hivi. Unaona yako sawa, kumbe nusu ya safari bado. Hata kuinua kichwa kwa sekunde tano, ambako nilikutegemea saa 9:20, kuna wagonjwa wanaokuweza wakiwa chini ya 0.7. Kung'ata kijiti ni kigumu zaidi kudanganya, ndiyo maana nilitaka vyote vitatu kwa pamoja, pamoja na goti.

Hospitali yetu haikuwa na kifaa hicho. Siwezi kukifanya ngao yangu. Kutokuwa na kipimo kulipaswa kunifanya niwe bahili wa dawa, na niwe mzito wa kutoa mpira. Anayekwenda gizani hupunguza mwendo. Sugamadeksi, dawa inayoikumbatia vekuroniamu yenyewe na kuiondoa kwenye mzunguko, nayo haikuwepo. Kwa wenye nayo kisa hiki kingekuwa kifupi.

Yaliyofaa yapo, nayo nayataja kwa sababu ndiyo yaliyomwokoa. Tulipumulisha kabla ya kutafuta jina la tatizo. Mwanafunzi aliona pumzi mbaya akapaza sauti, wala hakungoja mashine ilie. Mwenzangu aliitwa mapema, kabla sijachoka. Mpira ulirudishwa kwa dawa ya kulaza, na katika saa tatu zilizofuata tulimpa propofoli kidogo kidogo, mg 20 hadi 30, tukitazama moyo, jasho na machozi. Mtu aliyelegea hana njia nyingine ya kulalamika.

Lakini zile dakika 14 za kabla ya hapo hakupewa chochote cha kumlaza. Sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria oksijeni, presha, goti, koo. Elimu hii, kwamba aliyelegezwa anaweza kuwa macho, si ngeni. Kurare, mama wa dawa hizi, ilitoka kwenye mishale ya wawindaji wa Amerika ya Kusini; sumu ya mishale ya wawindaji wa huku kwetu husimamisha moyo, ile ya kule husimamisha pumzi. Harold Griffith na Enid Johnson waliiingiza kwenye usingizi wa upasuaji huko Montreal mwaka 1942, na kwa miaka michache baadhi ya madaktari waliamini kwamba pengine inalaza pia. Mwaka 1947 daktari wa usingizi Mmarekani, Scott Smith, na wenzake walichapisha walichokifanya: yeye mwenyewe alilegezwa kwa kurare mpaka hakuna msuli uliosogea, akapumulishwa, na misuli iliporudi akaeleza kila alichoulizwa na kila alichofanyiwa. Alikuwa macho mwanzo hadi mwisho. Kazi ya wenzetu wa Uingereza na Ayalandi iliyotolewa mwaka 2014 nayo ilionyesha kwamba walioripoti kuzinduka ndani ya usingizi ni mmoja kati ya 8,000 hivi walipotumiwa walegezaji, na kwa upasuaji wa kujifungua kwa usingizi kamili ni mmoja kati ya 670. Wengine walizindukia mwishoni, dawa ya kulaza imeisha na ya kulegeza bado. Yaani hasa palipokuwa na mama huyu.

Nilikuwa nalijua hili darasani. Kitandani lilinitoka, na mkunga ambaye hajasomea usingizi alilijua kwa sababu aliyatazama macho ya mgonjwa.

## Kilichobadilika

Kadi ya magnesiamu sasa inafungwa kwenye kifundo cha mkono wa mama kwa utepe, na inakwenda naye popote. Kwenye karatasi ya rufaa, kiasi na saa huandikwa juu kabisa, kwa wino mwekundu. Mtu wa usingizi hagusi kichupa cha mlegezaji kwa mama aliye kwenye magnesiamu kabla hajapiga goti mwenyewe na kutazama mfuko wa mkojo. Akilazimika, vekuroniamu huanza na mg 1, na gentamisini, dawa ya kuua bakteria ambayo nayo huongeza ulegevu, inasubiri mpaka awe amezinduka vizuri. Kalsiamu glukoneti inakaa droo moja na neostigmini.

Kipima-neva kilipatikana mwaka uliofuata, cha kawaida, kisichotoa namba. Tunakitumia tukijua mpaka wake. Mgonjwa tunayemtilia shaka hapelekwi kwenye kona ile tena. Anabaki na mpira, na anayengoja mlangoni anatafutiwa njia nyingine au mtu mwingine.

Na yeyote anayebonyeza ambubegi anatakiwa aongee na mgonjwa. Amwambie yuko wapi, nini kimetokea, mtoto yuko wapi, nani anampumulia. Mazungumzo mengine yanafanyika nje ya pazia. Yule mkunga amestaafu. Mama wa kisa hiki alimtafuta kabla hajaruhusiwa, akamkuta zamu ya asubuhi, akamwekea mtoto mikononi.